Kuifunga Cessna 182 kwenye uwanja wa nyasi

Rubani wa Arusha:
Ndugu marubani na mafundi, mwezi ujao nitaiacha ndege ndogo ya Cessna 182 kwa siku kadhaa kwenye uwanja wa nyasi karibu na Serengeti, ambako hakuna hanga (banda la ndege) wala pete za kufungia zilizozikwa kwenye zege. Mvua za vuli zitakuwa zimeanza. Nina vigingi vya chuma vilivyonyooka na kamba za nailoni. Je, vinatosha, na ninaweza kutegemea breki ya kuegeshea?

Fundi Mstaafu:
Ndugu yangu, kamba zako ni nzuri. Wasiwasi wangu ni vigingi. Kigingi kilichoshika barabara kwenye udongo mkavu wa asubuhi huweza kung'oka kama muhogo baada ya mvua ya alasiri. Mbawa za 182 iliyosheheni huweza kuibeba kwa kasi inayokaribia kilomita 100 kwa saa, na ikiwa tupu huhitaji kasi ndogo zaidi. Bawa halijali kama ni ndege inayokwenda au ni upepo unaokuja. Tena, upepo ukiongezeka kasi maradufu, nguvu ya kuinua huwa mara nne. Kwa hiyo tafuta nanga ndefu za kuzungushwa ardhini kama parafujo, na kila moja uivute kwa nguvu zako zote kabla ya kuiamini.

Funga kwenye pete zilizo chini ya mbawa na ile ya mkiani, wala usifunge katikati ya mhimili wa bawa, yaani nguzo inayolishikilia bawa, kwani kamba huteleza hadi mahali ambapo mhimili unaweza kupinda. Acha ulegevu wa inchi moja hivi tu, usizidi, kwa sababu ndege yenye nafasi ya kurukaruka huikata kamba kwa kishindo. Kamba ya katani, ambayo baadhi yetu bado tunaipenda kwa kuwa ni zao la nyumbani, hunywea ikilowa na huoza upesi.

Rubani wa Nyikani:
Breki isitegemewe, maana shinikizo la mafuta yake hupungua. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu, funga usukani kwa pini yake, na uzibe bomba la kupimia kasi ya hewa, kwa kuwa nyigu wa udongo hujenga humo haraka. Kisha zungushia ndege matawi ya miiba, kwani fisi hutafuna matairi.

Rubani wa Arusha:
Ahsanteni. Je, pua niielekeze wapi, ikiwa upepo wa dhoruba hugeuka?

Fundi Mstaafu:
Ielekeze kwenye upepo wa kawaida wa eneo hilo, ambao mara nyingi hutoka mashariki. Dhoruba ikija kwa nyuma, itaanza kuinua mkia, kwa hiyo nanga ya mkiani usiipe kigingi kilichobaki baada ya kufunga mbawa.