Tupeane uzoefu: kutembea mashambani Uingereza ukiwa mgeni wa rafiki

MTEMBEZI WA DERBY
Wakuu, kiangazi kinakaribia na wengi mna mialiko kwa ndugu na marafiki walioko Uingereza. London kila mtu anaijua. Uzi huu ni wa mashambani: Cotswolds, Peak District, Lake District, pwani ya Sussex, Northumberland. Leteni yanayowakwamisha wageni, hasa yale ambayo mwenyeji hakwambii kwa sababu yeye ameshayazoea.

Naanza na ramani. Chukueni ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, ile yenye jalada la rangi ya machungwa iitwayo Explorer. Sentimita 4 ni kilomita 1. Njia za miguu ni vistari vya kijani, lakini kinachookoa ni vile vistari vyembamba vyeusi, yaani kuta na nyua za mashamba. Hivyo ndivyo vinavyoonyesha kama njia inapita kushoto au kulia mwa ua. Ukikosea upande utatembea shamba zima, ufike kwenye kona isiyo na geti. Njiani, kwenye nguzo na mageti, mshale wa njano ni wa waenda kwa miguu. Wa bluu, hata farasi na baiskeli ruksa. Njia ikikatiza shamba la ngano, pita humo humo katikati. Mkulima akiilima ana siku 14 za kuirudisha, na upana wake usipungue mita 1. Wageni huogopa, wanazunguka pembezoni, na huko pembezoni ndiko wasiko na haki ya kupita.

DADA WA LEEDS
Hapo kwenye ngano umesema kweli tupu.

RABA NYEUPE
Buti za nini Julai? Raba zinatosha. Bebeni koti la mvua tu.

MTEMBEZI WA DERBY
Raba zinatosha kijijini Bibury. Kwenye nyasi zenye umande zinalowa ndani ya nusu saa, na kwenye mteremko wa udongo wa mfinyanzi hazishiki. Jinzi nazo muache nyumbani, zikilowa hazikauki mwilini. Hesabu ya muda: kilomita 5 kwa saa, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Mkiwa na watoto, hesabuni kilomita 3.

MFUGAJI
Mmesahau ng'ombe. Njia nyingi zinapita malishoni kabisa. Usipite kati ya mama na ndama. Ukiwa na mbwa wa mwenyeji, mfunge kamba fupi. Ng'ombe wakija kwa kasi, mwachie. Wanayemfukuza ni yeye, na mbio zako hazifiki zake.

DADA WA LEEDS
Kumwachia mbwa wa watu? Siafiki. Simama, wageukie, nyoosha mikono, watasimama wenyewe.

MFUGAJI
Dada yangu, hiyo ni kwa mitamba na madume wadogo wanaokufuata kwa udadisi. Ng'ombe mwenye ndama ukimnyooshea mikono unamchokoza. Tazama kiwele kwanza, kisha uamue. Na kundi likiziba njia, unaruhusiwa kulizunguka mbali kisha urudi njiani.

MPWANI
Niseme la Lindisfarne, maana hapo watu wa mwambao tunajiamini kupita kiasi. Kisiwa kiko Northumberland. Mtakatifu Aidan alianzisha monasteri huko mwaka 635, na Waviking wakaivamia mwaka 793. Barabara ya lami ya kwenda huko hufunikwa na bahari mara mbili kwa siku. Kila mwaka yapo magari yanayonaswa, na mambo huenda hivi. Mgeni yuko kisiwani anataka kurudi, anasoma ratiba, anaona muda salama umekwisha dakika kumi zilizopita. Anatazama mbele, lami kavu. Anaondoka. Upande wa kisiwani kweli pakavu. Pabaya ni mbele, karibu na daraja dogo la upande wa bara, ndipo palipo chini zaidi. Maji hayaji kwa wimbi. Yanapanda polepole kutoka mikondo ya pembeni, yanaanza kama unyevu tu juu ya lami, mara yako nusu ya gurudumu, mara yanaingia mlangoni. Injini inazima, na ukigeuka, nyuma nako kumeshafunikwa.

Kinachobaki ni kibanda cheupe kilichoinuliwa juu ya nguzo pale darajani. Acha gari na mizigo, beba watoto, panda ngazi, piga 999 na uombe walinzi wa pwani. Boti ya uokoaji hutoka Seahouses, na waokoaji wake ni watu wa kujitolea. Gari lililonywa maji ya chumvi mara nyingi ndio basi tena. Upepo mkali kutoka baharini huyawahisha maji kabla ya saa iliyoandikwa, kwa hiyo ratiba msiifuate hadi dakika ya mwisho.

RABA NYEUPE
Na maji yakijaa mkiwa kisiwani?

MPWANI
Hapo hamna neno. Mnakaa saa kadhaa mpaka yapwe.

DADA WA LEEDS
Jamani, chakula. Baa za vijijini nyingi hufunga jiko saa nane na nusu mchana, hadi jioni. Agiza na ulipe kaunta, usikae mezani kusubiri mhudumu. Maji ya bomba ukiyaomba ni bure kisheria. Waislamu, ulizeni chipsi na samaki vimekaangwa kwa mafuta gani. Huku kaskazini, hasa Yorkshire, maduka mengi hutumia mafuta ya ng'ombe.

DEREVA WA KENT
Sisi wa Afrika Mashariki kushoto tumekuzoea, shida ni barabara nyembamba zinazotosha gari moja tu, na magari yanatoka pande zote mbili. Nafasi ya kupishana ikiwa kushoto kwako, ingia. Ikiwa kulia, simama mkabala nayo, mwenzako ndiye aingie. Wageni wakivuka kuifuata nafasi ya kulia ndipo magari mawili yanapokutana uso kwa uso katikati ya nyua.

RABA NYEUPE
Panda basi tu.

DEREVA WA KENT
Jumapili? Vijiji vingi havina basi hata moja siku hiyo.

JIRANI WA TYNE
Mwenyeji wetu yuko Newcastle, Lindisfarne ni Jumamosi hii. Ratiba inapatikana wapi?

MPWANI
Tovuti ya halmashauri ya Northumberland, kila siku ina saa zake. Andika saa ya kurudi, siyo ya kwenda, uibandike kwenye dashibodi.