Miradi mitatu ya elektroniki, yote imekwama: je, fani hii haiwakubali watu wengine?

Mwanagenzi wa Morogoro

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mimi ni mhasibu kwa kazi, na tangu Januari nimekuwa nikijifunza elektroniki nyumbani nyakati za jioni, bila mwalimu, kwa kutazama video na kufuata michoro. Nilianza kwa sababu tanki letu la maji hujaa na kumwagika usiku, nikajiambia kwamba kengele ya kutuamsha maji yanapofika juu haiwezi kumshinda mtu anayefunga hesabu za mwaka. Miezi mitano imepita, na juu ya meza nina miradi mitatu iliyokufa.

Wa kwanza ni taa ya kuwaka na kuzima kwa chipu ya 555, ile ya kupima muda, mradi ambao kila mtu husema ni wa watoto. Nimeufuata mchoro waya kwa waya, nimeujenga upya mara nne, nimebadilisha chipu mara mbili, na bado taa inawaka moja kwa moja bila kuzima. Nikipima mguu wa 3 wa chipu, ule unaoiwasha taa, kwa mita napata volti 3.6, ambazo si sifuri wala si zile 9 za betri. Wa pili ni hiyo kengele ya tanki, ambayo inalia kweli, lakini kwa sauti ya mgonjwa ambayo hata aliye chumba cha pili haisikii. Wa tatu ni redio ya FM niliyoipanga kwenye ubao wa majaribio, na tangu siku ya kwanza haijatoa chochote ila mkwaruzo.

Fedha si tatizo kubwa, ingawa kila kifaa kikiungua inanibidi nimwagize mtu Kariakoo na kusubiri. Kinachonivunja moyo ni kutojua nimekosea wapi. Kwenye vitabu vya hesabu, jumla isipolingana narudi mstari kwa mstari hadi niione shilingi iliyopotea, lakini hapa kosa halina mstari wa kulirudia, ilhali wale wa kwenye video kila kitu kinawakubali mara ya kwanza. Mke wangu ameniuliza kwa upole kama meza ile itarudi kuwa meza ya chakula. Naomba mnijibu kwa uwazi: je, kuna watu ambao fani hii haiwakubali tu?

Dada wa Luthuli

Pole sana, kaka. Nianze na redio, kwa sababu hiyo haikuwa kosa lako. Matundu ya ubao wa majaribio yameunganishwa chini kwa vipande vya chuma vilivyopangwa sambamba, na kila vipande viwili vinavyopakana hufanya kazi ya kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme) ndogo ya pikofaradi kadhaa, pikofaradi ikiwa kipimo kidogo cha ukubwa wa kapasita. Kwa taa au kengele jambo hilo halina madhara, lakini redio inayotafuta stesheni kati ya megahezi 88 na 108 hutegemea kapasita za ukubwa huohuo, kwa hiyo ubao wenyewe unaivuruga, na ukisogeza waya mmoja umeivuruga upya. Ibomoe bila majuto, utairudia siku utakapoweza kuilehemu kwenye ubao wa shaba kwa nyaya fupi.

Kuhusu video, mimi mwenyewe huzitengeneza. Ile ya mwisho ina dakika sita na ilinichukua Jumapili mbili, maana niliunganisha betri kinyume, nikaunguza chipu, kisha nikatafuta kwa saa nzima waya uliokuwa umekatika ndani ya plastiki yake. Sehemu hizo zote nilizikata kwa sababu hazipendezi kutazama, na nikisoma ujumbe wako naona aibu kidogo.

Niliwahi pia kuacha kazi hii kwa mwaka mzima. Pasi yangu ya kulehemu ilikuwa ya bei rahisi isiyodhibiti joto, ncha yake ilikuwa nyeusi kama mkaa, nami niliikandamiza kwa hasira hadi shaba ikabanduka kwenye ubao. Niliponunua pasi ya kudhibiti joto, nikaiweka karibu nyuzi 350 na kuifuta ncha kila baada ya kiungo, lehemu ileile ilitiririka yenyewe mahali pake, nikagundua kwamba mwaka ule wote niliulaumu mkono wangu kwa kosa la chombo.

Fundi Redio Mstaafu, Tanga

Mwanangu, umeandika maneno mengi ya huzuni, na katikati yake umeitaja namba 3.6 kama mtu anayepita njia. Namba hiyo ndiyo jibu lako.

Mguu wa 3 wa chipu hiyo husimama mahali pawili tu: ama karibu na sifuri, ama volti moja na nusu hivi chini ya betri. Betri ya volti 9 iliyokwisha kutumika kidogo ingekupa kama volti 7 taa inapowaka. Kama taa yako ingekuwa imeganda, mita ingeonyesha ama 7 ama sifuri. Imeonyesha nusu ya 7 kwa sababu mita iliyowekwa kwenye umeme wa moja kwa moja hutoa wastani, na wastani wa kitu kinachowaka nusu ya muda na kuzima nusu nyingine ni huo. Chipu yako ni nzima, na zile mbili ulizozitoa inaelekea zilikuwa nzima pia. Taa inawaka na kuzima, ila kwa kasi isiyoonekana kwa jicho. Zima taa za chumba, shika ubao, uutikise haraka kushoto na kulia. Ukiona vitone vilivyotengana badala ya mstari mmoja wa mwanga, utakuwa umepata uhakika.

Sasa tazama kapasita, maana ukubwa wake ndio unaopanga kasi ya taa. Mchoro wa kawaida wa wanaoanza una resista (vifaa vya kupunguza umeme) za omu 1,000 na 47,000 na kapasita ya maikrofaradi 10, na hapo taa huwaka takriban mara tatu kila sekunde mbili. Nadhani yako ni kidonge kidogo cha rangi ya udongo kilichoandikwa 104. Maana yake ni 10 ikifuatwa na sifuri nne, yaani pikofaradi 100,000, ambazo ni maikrofaradi 0.1 tu. Umeweka kapasita ndogo mara mia, na taa inawaka karibu mara 150 kwa sekunde. Unayoihitaji ni ile ya mviringo kama kopo, na upande wake wenye mstari wa alama ya kutoa uende kwenye hasi ya betri.

Usione haya kwa kujenga upya mara nne. Hans Camenzind, aliyeibuni chipu hiyo mwaka 1971, mchoro wake wa kwanza ulihitaji miguu 9, na ulikuwa umeshakaguliwa alipopata njia rahisi zaidi, akauchora upya hadi ukatosha kwenye kasha la miguu 8.

Kuhusu kengele, ulinunua transista (kifaa cha miguu mitatu kinachotumia umeme kidogo kuruhusu umeme mwingi) ya BC547 kama mchoro ulivyotaka, au muuzaji alikupa nyingine akasema zinafanana? Soma maandishi yake. Ikiwa ni 2N3904, zinafanana kweli kwa kazi hiyo, lakini mpangilio wa miguu umegeuka, kwa hiyo ukiipachika kwa kufuata mchoro wa BC547 umeiweka kinyumenyume. Transista iliyogeuzwa namna hiyo hupitisha umeme kidogo tu, na ndiyo sauti ya mgonjwa unayoisikia.

Kijana wa Msimbo

Wazee wanisamehe, lakini kwa nini ahangaike na chipu ya miaka ya sabini? Anunue Arduino, ubao mdogo wa kompyuta, aandike mistari michache ya programu, na kasi ya taa aibadilishe kwa kuandika namba nyingine.

Dada wa Luthuli

Kwa taa ni kweli, na wengi huanzia huko. Lakini baza (kifaa cha kutoa mlio wa kengele) yenye nguvu ataiendesha kwa transista vilevile, na akiigeuza miguu programu haitamwambia.

Mwanagenzi wa Morogoro

Mzee, shikamoo. Jana usiku nilizima taa nikautikisa ubao, na watoto wakacheka wakidhani nimerukwa na akili. Nikaona vitone, vimepangana kama shanga. Kapasita ilikuwa 104 kama ulivyosema. Nimeng'oa ya maikrofaradi 10 kwenye redio mbovu, na taa sasa inawaka na kuzima, nimeihesabu kwa saa ya mkononi: mara 45 kwa nusu dakika. Transista nayo ilikuwa 2N3904. Nilipoigeuza, baza ililia hadi jirani akatoka nje kuuliza kuna nini. Dada, redio nimeibomoa.

Nina swali jipya. Misumari miwili niliyoitumbukiza kwenye ndoo ya majaribio ili ihisi maji imekaa siku tatu tu, na mmoja umeliwa na kutu wakati mwenzake bado unang'aa. Nimefuatilia waya, na ulioliwa ni ule wa upande wa chanya. Nimeibadilisha nafasi leo asubuhi nione kama ule mzima nao utaliwa, lakini kabla sijapanda kwenye tanki ningependa kujua kama kuna njia ya kupima bila umeme kukaa kwenye maji muda wote.