Wikiendi moja tu ya kupumua: Bagamoyo, Morogoro kwa treni, au Unguja?

MamaTatu_Tabata

Habari za jioni wapendwa. Naomba ushauri kabla baba watoto hajaamua peke yake.

Masika ya mwaka huu yamenikalia vibaya. Kifungua mimba yuko darasa la sita, kachaguliwa netiboli ya shule, wanajiandaa na UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, ngazi ya kata. Mazoezi kila jioni mpaka saa 12, na Jumamosi juu. Wa kati ana miaka 8, yuko akademi ya mpira. Kwake ni Jumamosi saa 1 asubuhi, lakini uwanja ukijaa maji kocha anatuma ujumbe kwenye kundi saa 5 usiku kwamba tumehamia Jumapili. Jumapili ni madrasa! Ustadhi naye hataki kusikia habari za mpira. Kitinda mimba, miaka 5, kaanza kuogelea. Nguo yake ya kuogelea haijakauka sawasawa tangu Machi iingie, naianika nyuma ya friji.

Nimekaa na kalenda ya ukutani nikaipiga mistari mpaka imekuwa kama daftari la duka. Wikiendi iliyobaki wazi ni moja, ya sikukuu ya Muungano. Nataka tutoke, usiku mmoja tu. Tuko watu watano, bajeti haizidi laki tano kila kitu ndani, gari letu ni IST, kagari kadogo.

Nimebakiza tatu kichwani: Bagamoyo kwa gari, Morogoro kwa SGR, ile treni ya umeme (baba watoto anataka tuunganishe na hifadhi ya Mikumi), au Unguja kwa boti. Nipeni mliyoyaona wenyewe, matangazo nimeshayasoma.

KimaraMwisho

Morogoro. Kwa watoto wa umri huo treni yenyewe ndiyo safari, huko mnakokwenda ni nyongeza. Ila kateni tiketi mapema, wikiendi za sikukuu zinaisha. Na nyie wa Tabata mna bahati, mnapita zenu Buguruni mpaka stesheni. Sisi Jangwani ikijaa maji mabasi ya mwendokasi yanasimama, barabara inafungwa, tunabaki kuangaliana.

BintiPangani

Dada, Unguja naipenda kuliko nyumbani kwetu, lakini mwezi huo usipeleke watoto watatu. Mwaka juzi nilivuka mwishoni mwa Aprili na wanangu wawili. Kusi imeshaanza, boti ikitoka tu nje ya bandari inaanza kupanda na kushuka. Wahudumu wanapita wanagawa mifuko myeusi kimyakimya, ukiona hivyo jua kazi imeanza. Mkubwa alitapika, mdogo akamwona naye akatapika, mimi nimeshika mifuko miwili huku mama wa jirani ananisomea dua. Karibu saa mbili za namna hiyo, halafu unafika Malindi, bandari ya Unguja, mvua inakusubiri gatini.

Hoteli nyingi za pwani hufunga Aprili na Mei kufanya ukarabati. Zilizo wazi zinashusha bei, hilo kweli. Lakini kwa usiku mmoja utalipa nauli za watu watano kwenda na kurudi ukaangalie mvua. Subiri Juni shule zikifunga, uwapeleke msitu wa Jozani wakaone kima punju na kisiwa cha Changuu wakaone makobe. Hapo utanishukuru.

BabaMjenzi

Mimi niko na shemeji. Mikumi. Watoto wa Dar wanamjua twiga wa kwenye fulana tu. Kutoka Moro si mbali, mnaamka alfajiri, mnaona simba, mnarudi.

Dereva_Msamvu

BabaMjenzi, ndugu yangu, umewahi kuingia Mikumi mwezi wa nne au unazungumzia ulivyoiona Agosti?

Mimi nimepeleka wageni kule miaka mingi, niseme ninachokijua. Mikumi ni hifadhi nzuri kwa mtu wa Dar, iko tangu 1964 na barabara kuu ya kwenda Iringa inapita katikati yake. Lakini roho ya hifadhi ile ni mbuga ya Mkata, na Mkata ina ule udongo mweusi. Kiangazi unapasuka, masika unakuwa kama ugali uliozidi maji. Landikruza zenye winchi zinanasa. IST yako dada hata usiifikirie, itakaa mpaka waje kuivuta, na watoto ndani wanalia njaa. Pili, nyasi zimepanda. Simba anaweza kuwa hatua thelathini kutoka kwenu msimwone ila mkia. Maji yako kila mahali, kwa hiyo wanyama hawana haja ya kukusanyika kwenye mabwawa kama Septemba.

Tatu, hesabu ya muda. Stesheni ya SGR iko Kihonda. Kutoka hapo mpaka ndani ya hifadhi weka saa moja na nusu, ukikuta malori saa mbili. Gari la kukodi, kiingilio (kwetu raia ni pesa ndogo, shida ni gari), kurudi Moro kuwahi treni. Hiyo si mapumziko, ni ligi nyingine.

Siri ndogo nawapa bure. Ukipita barabara kuu tu bila kuingia hifadhini utaona pundamilia, nyani, twiga, ukibahatika na tembo, wanakula pembeni kabisa ya lami. Mwendo una kikomo, na kuna bango lenye bei ya kila mnyama ukimgonga. Nina mteja mmoja alilisoma bango lile kwa sauti, kisha akaniambia tutembee 30.

MamaTatu_Tabata

Dereva, hapo kwenye ugali uliozidi maji nimemsomea baba watoto. Kakaa kimya kidogo, kasema "basi Septemba". Asante sana kaka.

Nimepiga hesabu ya treni. Daraja la kawaida Dar–Morogoro ni 13,000 mtu mzima, wenye miaka 4 mpaka 12 nusu. Wakubwa wawili 26,000, watoto watatu 19,500, jumla 45,500. Kwenda na kurudi 91,000. IST kwa mafuta ingekula kama hizo hizo, pamoja na dereva mwenye hasira Chalinze.

Bagamoyo hakuna mtu wa kuitetea?

MzeeWaMwambao

Yupo. Mwanangu, Bagamoyo mnaidharau kwa sababu iko karibu. Kilomita sabini hivi, ukishavuka foleni ya Tegeta na Bunju umefika.

Nimezaliwa Dunda, kwa hiyo nina upendeleo, nakiri. Lakini sikilizeni. Watoto wakubwa wapelekeni Kaole, maghofu ya misikiti na makaburi ya nguzo, yanaanzia karne ya 13. Huyo wa darasa la sita anayasoma kwenye kitabu, akayashike kwa mkono. Palepale jirani kuna shamba la mamba, huyo wa mpira atasahau mpira. Kisha nendeni Misheni, walikofika mapadre 1868. Kuna mbuyu pale. Zamani mtu alifunga mnyororo kwenye shina, wanasema ulikuwa wa punda. Mti ukakua, ukaumeza mnyororo. Leo kimebaki kipande kifupi tu kinachungulia kwenye gome, kama ulimi. Nimewapeleka wajukuu zangu mara tatu, na mara zote tatu wamebishana nani kati yao ataona mti umemaliza kuumeza.

Mvua ikinyesha mnaingia jumba la makumbusho hapohapo. Ikikata mnakwenda sokoni kwenye samaki, pweza wa kukaanga, mihogo. Hamna haja ya tiketi ya mtu yeyote. Watoto wakichoka mnageuza gari mnarudi.

MamaTatu_Tabata

Shikamoo mzee. Umenichanganya sasa.

MzeeWaMwambao

Marahaba mwanangu. Ndiyo kazi ya wazee.

Nesi_wa_Zamu

Samahani kwa kuingilia, mimi nina swali la nje ya mada. Hao watoto mmewauliza?

Nauliza kwa sababu nilikuwa kama wewe. Kwaya ya watoto, karate, twisheni ya Jumamosi, halafu ukipatikana upenyo namkokota mtu mwenye miaka 7 kwenda "kupumzika". Siku moja tukiwa njiani akaniuliza, mama, lini tutakaa? Hakusema lini tutarudi. Nilirudisha gari. Tulishinda barazani tunakula maembe mpaka mvua ikatufukuza.

Sikatazi safari. Nasema tu huyo wa miaka 5 anayekwenda kuogelea na nguo yenye ubaridi wa friji, mwulizeni.

BabaMjenzi

Nesi, watoto ukiwauliza watasema Coco Beach na chipsi. Mzazi ndiye anapanga.

Nesi_wa_Zamu

Na chipsi za Coco ni shilingi ngapi ukilinganisha na laki tano?

KimaraMwisho

😂 Hapo Nesi kamaliza.

BintiPangani

Mimi namuunga mkono Nesi nusu. Si lazima safari iwe na ratiba. Tatizo la wazazi wa siku hizi tukitoka na watoto tunataka waone kila kitu kwa sababu tumelipa. Chagua kitu kimoja kwa siku. Ukienda Bagamoyo, chagua mamba AU Kaole. Ukienda Moro, treni na mlima Uluguru basi, na mlima wenyewe muutazame tu kutoka chini. Njia ya Morningside kwa mvua hii inateleza, usimpandishe wa miaka 5.

MamaTatu_Tabata

Nimewauliza jana wakati wa chakula cha usiku. Wa kati kasema treni kabla sijamaliza swali. Mkubwa kasema popote ambapo hakuna filimbi ya mwalimu wa michezo. Kitinda mimba kauliza kama huko kuna bwawa, nikamwambia hakuna, kasema "twende".

Tiketi tayari, Jumamosi ya asubuhi na Jumapili ya jioni. Mzee wangu wa Mwambao usininunie, Bagamoyo tutakuja Jumamosi moja ya Mei hata kwa kwenda na kurudi, gari lipo.

MzeeWaMwambao

Mbuyu haujaondoka miaka yote hiyo. Utawasubiri.

MamaTatu_Tabata *(Jumatatu baada ya safari)*

Nimerudi kutoa mrejesho, maana nachukia watu wanaoomba ushauri halafu wanapotea.

Treni: alama zote. Wa kati aliganda na kile kibao kinachoonyesha mwendo, akawa anatutangazia kama mtangazaji wa mpira. Mia na ishirini! Mia na hamsini! Ilipogota 160 akapiga makofi, na babu mmoja kiti cha nyuma akapiga naye. Kabla ya hapo, pale reli inapopita juu ya mji, walikuwa wanatafuta paa la bibi yao Ilala. Kila mmoja kaliona, na kila mmoja kaonyesha paa lake. Kwa wanaouliza: fikeni mapema, kuna ukaguzi wa mizigo na foleni ya sikukuu haina mdogo wala mkubwa.

Morogoro mvua ilinyesha Jumamosi nzima. Uluguru hatukuuona kabisa, ulikuwa umejifunika mawingu mpaka miguuni. Nilitaka kusikitika, lakini nyumba ya wageni ilikuwa na baraza pana, mwenyewe akatuletea mahindi ya kuchoma, na watoto wakacheza karata na baba yao kuanzia saa 9 mchana mpaka usiku. Mkubwa alilala saa 2 usiku, akaamka saa 4 asubuhi. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona amelala hivyo. Jumapili mawingu yakapanda, mlima ukatokea wote kwa mpigo, wa kijani mpaka unaumiza macho. Tukaenda sokoni kununua karoti na maparachichi, tukarudi Kihonda kwa bajaji mbili. Mikumi hakuna aliyeitaja, hata aliyekuwa anaitaka.

Matumizi yote hayakufika laki nne. Chumba cha familia ndicho kilichokula zaidi.

Tulipoingia nyumbani nikafungua simu. Kocha kaandika mazoezi ya wiki hii ni Jumatano badala ya Jumamosi, Jumatano ambayo ndiyo siku ya kuogelea. Nimekwenda nyuma ya friji kuangalia ile nguo. Siku mbili hakuna aliyeigusa, imekauka.