Uchumi iliuawa na nani, na serikali ingeiokoa?

Mpita Njia wa Kencom:
Jana nimekatiza Aga Khan Walk, hapa katikati ya Nairobi, nikielekea Kencom, nikajikuta nimepunguza mwendo mahali Uchumi ilipokuwa, kana kwamba nimetumwa sukari. Kwa walio wadogo: supamaketi hii ilianzishwa 1975 na serikali kupitia mashirika yake, wakaletwa Waitaliano wa Standa, watu wenye maduka makubwa kwao, waiendeshe na kuwafundisha Wakenya kazi. 1992 ikaingia soko la hisa. 2005 ikafungwa, serikali ikatia mkono mfukoni, ikainuka, na 2011 hisa zake zikarudi sokoni. Ilipoanza kuyumba tena 2015, tukatazama pembeni.

Swali: serikali ingeiokoa kwa nguvu zote mara ya pili, ama ilikuwa haki kuiacha izame? Mimi nasema ingeiokoa. Viwanda vya sukari vinaokolewa kila kura ikikaribia. Duka ambalo sabuni ya Mkenya mdogo ilipata rafu, tukaliacha. Na tusidanganyane, wengi watakaokuja hapa kulia walikuwa wanaingia kupunga upepo wa feni na kutoka mikono mitupu.

Kipepeo wa Tanga:
Mkuu, hoja nimeielewa, ila kichwa cha mada kinaniwasha macho. "Uchumi iliuawa"? Uchumi ULIuawa. Uchumi umekua, uchumi umedorora. Nyie majirani ngeli mlifundishwa na nani?

Mayai ya Limuru:
Ilifungwa Juni 2006, si 2005. Na kabla hujaomba pesa za mlipa ushuru, uliza waliokuwa wakidai. Sitataja jina, lakini kuna duka moja kubwa la mjini nililipelekea mayai, trei 60 kila wiki. Mkataba ulisema malipo ni siku 30. Zikawa 60. Zikawa 90. Kila nikienda ofisi ya malipo ni ghorofa ya pili, benchi la mbao, na yule kijana akiniambia bila kuinua kichwa, "Njoo Jumanne." Kuku hawajui siku 90. Kuku wanataka chakula leo jioni. Niliuza pikipiki kwanza, halafu nikauza kuku wenyewe. Maduka yote haya yaliyokufa yalikuwa yanaendeshwa kwa pesa zetu sisi tunaoleta bidhaa. Ile rafu iliyokuwa inawapendeza ni mkopo wangu usio na riba.

Mwana wa Muthurwa:
Hapo kwa feni umenigusa. Kwa hiyo mtu wa soko la Muthurwa akiingia dukani ni kupunga upepo? Mama yangu alikuwa anauza nyanya, na kila Desemba alinishika mkono tukaenda Uchumi kununua viatu vya shule. Vya kweli, na risiti. Alikuwa anavua leso ya kiunoni, pesa zimefungwa fundo kwenye pindo, anafungua fundo kwa meno mbele ya keshia na foleni nzima inangoja. Hiyo ndiyo mikono mitupu unayoisema?

Mpita Njia wa Kencom:
@Kipepeo, twende polepole. Wewe huko kwenu unasema "Simba amefungwa mabao mawili" ama "Simba imefungwa"? Jina la mnyama likishakuwa jina la timu, linahama ngeli. Uchumi hapa si hali ya pesa ya nchi, ni kampuni. Uchumi imefungwa. Ukisema Simba amefungwa watu watapigia simu askari wa wanyamapori.

Kipepeo wa Tanga:
Hahaha, hiyo ya Simba nimeipokea kwa shingo upande. Lakini Simba ni klabu. Uchumi ni duka, na duka LImefungwa. Kama gazeti: Mwananchi limeandika. Kwa hiyo hata ukikwepa U- unaangukia kwenye LI-, bado umekosea. Tena tusisahau, hayo maduka yenu yalikuja huku kwa mbwembwe. Uchumi ilikuja Dar, 2015 ikafunga virago, huku na Uganda kwa mpigo. Nakumatt nayo ikachukua maduka ya Shoprite 2014 kwa kishindo, miaka mitatu minne, kimya. Kariakoo ipo palepale.

Shemeji wa Nakuru:
"Uchumi ILIKUJA Dar." Mwalimu wa ngeli huyo, jameni. Mwacheni apumue.

Kipepeo wa Tanga:
Kidole kiliteleza.

Shemeji wa Nakuru:
Kidole hakitelezi mara mbili, uliandika "ikafunga" pia. Haya, turudi kwenye maduka. Mimi nina nadharia. Nakumatt ni kifupi cha Nakuru Mattress. Tuskys ilikuwa Tusker Mattresses. Wote walianzia huku kwetu na magodoro. Ndiyo maana walilala. Naivas walianza Naivasha na duka la kujihudumia, hawakuanza na godoro, na ndio waliobaki macho.

Baba Zawadi:
Shemeji umecheka lakini umesema jambo. Naivas iko katikati ya Nairobi leo, na jioni watu wamejipanga hadi karibu na mlango. Quickmart vilevile. Kwa hiyo habari kwamba mji ulikufa, matajiri walihamia Westlands na Karen, Carrefour ilikuja 2016 ikamaliza kila mtu, haishiki. Barabara ni zilezile, wachuuzi ni walewale, wanunuzi ni walewale. Kilichotofautiana ni nani alilipa waliomletea bidhaa na nani alifungua matawi kabla ya kulipa deni la tawi la jana. Mpita Njia, hili lijibu kwanza.

Mpita Njia wa Kencom:
Nitajibu. Lakini kwanza Muthurwa, mimi sikumtaja mama ya mtu. Nilisema "wengi". Kama kiatu hakikukutosha usikivae.

Mwana wa Muthurwa:
Kiatu nilikwambia nilinunuliwa Uchumi. Kilinitosha.

Mpita Njia wa Kencom:
Sawa. Basi niseme lililo moyoni. Wachuuzi nao wana mkono wao. Ile miaka, kutoka Tom Mboya hadi Moi Avenue, ulikuwa unaruka maturubai kufikia mlango wa duka. Soksi tatu kwa mia, nje ya duka linalolipa kodi ya pango, umeme, mishahara. Nani atapanda ngazi kununua soksi moja kwa mia mbili?

Mwana wa Muthurwa:
Nilijua tutafika hapa! Kampuni inaanguka na madeni ya mabilioni, na aliyeiangusha ni mama wa soksi. Mama wa soksi anakimbizwa na kanjo, askari wa jiji, mara tatu kwa siku, analipa ushuru wa kila siku wa soko, analipa na mtu wa kumtunzia maturubai. Mkurugenzi anafutwa 2015 na watu wanaongea kwa upole, "changamoto za usimamizi". Soksi ndizo zilizofungua matawi Kampala?

Dada wa Rafu:
Mmenifanya nijisajili upya, password nilikuwa nimesahau. Mimi nilipanga rafu miaka sita katika supamaketi moja ya mjini, sitaitaja. Niwaambie duka linavyokufa, kwa sababu nyinyi mlikuwa upande wa mbele tu.

Kwanza unga unakosekana Jumatatu unarudi Alhamisi. Halafu mafuta ya kupikia yanaisha kabisa, na meneja anasema rafu isibaki wazi. Basi tunaweka chumvi palipokuwa mafuta. Chumvi inaisha, tunaweka karatasi za chooni. Siku za mwisho ujia mzima, futi labda arobaini, ulikuwa karatasi za chooni za rangi ya waridi, mstari mmoja mmoja umevutwa hadi ukingoni. Kwa mbali duka limejaa. Ukitoa moja unaona bati la rafu, na vumbi, na bei ya kitu kilichokuwa hapo zamani. Wateja wazee walikuwa wanajua. Mama mmoja alinirudishia roli mkononi, "Panga vizuri mwanangu, umeacha pengo."

Mshahara wa miezi miwili ya mwisho mpaka leo.

Mayai ya Limuru:
Dada, pole. Sasa mnaona. Lile pengo ni mayai yangu.

Kipepeo wa Tanga:
Pole sana dada. Hapo sina utani.

Mtu wa Kimathi:
Mnavyozikumbuka Nakumatt na raha zake, kumbukeni pia tarehe 28 Januari 2009, Nakumatt Downtown iliposhika moto. Wengine tulisimama upande wa pili wa barabara tukiangalia moshi. Sitaki ubishi, nasema tu.

Baba Zawadi:
Hatujasahau. Mungu awarehemu.

Shemeji wa Nakuru:
Amina.

Mpita Njia wa Kencom:
Amina. Kabla sijamjibu Baba Zawadi, niulize. Wakati ule wa 2006 si watu waliimba kwamba Uchumi imekwisha? Ilifungwa Juni, wiki chache tu milango ikafunguliwa, na miaka iliyofuata ikapata faida. Hiyo ni dhahiri kwamba kuokoa kunawezekana. Nakumatt ilikuwa ya familia, ikaachwa, Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Mnaona tofauti?

Baba Zawadi:
Naiona, na inakupinga. Uchumi iliokolewa mara ya kwanza ikafanya nini na uhai huo? Ikakimbilia Dar na Kampala. Na mara ya pili, Hazina si ilitoa mkopo tena? Kwa hiyo swali lako la "ingeokolewa" halipo. Iliokolewa. Haikupona. Swali ni kwa nini umpe damu mgonjwa ambaye hamjaziba anapovuja.

Mpita Njia wa Kencom:
Ule mkopo ulikuwa wa matone. Nilisema "kwa nguvu zote".

Mayai ya Limuru:
Nguvu zote za nani? Nimeandika mara mbili na hakuna aliyenijibu: pesa za kuokoa zikitoka, nani analipwa kwanza? Benki. Halafu mwenye jengo. Halafu mawakili. Mwenye mayai yuko mkia wa foleni na trei zake.

Mwana wa Muthurwa:
Mayai, mimi nakujibu. Njoo Muthurwa. Tunalipa taslimu, unahesabu ukiwa umesimama hapohapo. Hatuna ghorofa ya pili.

Mayai ya Limuru:
Siku hizi ndiko ninakouza, karibu na lango la chini. Trei kumi, natoka na pesa zangu saa tatu asubuhi. Kasoro ni mvua, na vijana wa kubeba wanavunja yai moja kila trei makusudi wakaange.

Mwana wa Muthurwa:
Hiyo ni kodi ya eneo.

Kipepeo wa Tanga:
Kumbe Muthurwa ni Kariakoo yenu. Mngesema mapema. Sisi tulipitia hayo zamani, maduka ya RTC, ya serikali kila mkoa, enzi za foleni ya sabuni. Baba alikuwa anaweka jiwe kwenye foleni limwakilishe, anakwenda kazini. Serikali na duka haviivi chungu kimoja.

Mpita Njia wa Kencom:
RTC ilikuwa wakati bidhaa zenyewe hazipo nchini. Usilinganishe. Uchumi ilikuwa na ushindani na bado ikaishi miaka arobaini.

Kipepeo wa Tanga:
Uliishi.

Shemeji wa Nakuru:
Liliishi.

Mpita Njia wa Kencom:
Mnajua nini, endeleeni tu.

Dada wa Rafu:
Baba Zawadi alikuuliza swali la Naivas tangu asubuhi, bado hujajibu. Nami naongeza langu: wewe mara ya mwisho kununua kitu Uchumi, ikiwa hai, ilikuwa lini?

Mpita Njia wa Kencom:
Mara ya mwisho... 2013 hivi. Nilinunua blenda. Baadaye nilihamia mtaa wa Kahawa, nikawa nanunua hukohuko karibu na nyumbani. Lakini hilo silo swali.

Mwana wa Muthurwa:
Blenda moja 2013. Feni ilikuwa nzuri siku hiyo?

Mpita Njia wa Kencom:
Nimekubali, hiyo umenipata. Ile blenda inafanya kazi hadi leo lakini.

Shemeji wa Nakuru:
Mama mkwe wangu Nakuru ana mfuko wa plastiki wa Uchumi, umekunjwa pembe tatu, uko chini ya godoro. Tangu marufuku ya Agosti 2017 hautoki nje. Faini ni milioni mbili hadi nne, na anasema yeye hawezi kufungwa kwa ajili ya duka lililofungwa.

Kipepeo wa Tanga:
Chini ya godoro, Nakuru. Nadharia yako imethibitika.

Dada wa Rafu:
Mwambie nitaununua mimi. Nampa trei mbili za mayai ya Limuru, taslimu.