"Half seven" ni saa ngapi?

Wakuu wa Mwanza, mgeni Mwingereza kaandika tumfuate Capri Point "half seven" asubuhi, twende kisiwa cha Saanane. Ni kumi na mbili unusu au moja unusu?

— Moja unusu, mkuu. Waingereza hudondosha "past" katikati: "half past seven". Nusu inaongezwa juu ya saba, haipunguzwi. Mmarekani angesema "seven thirty".

— Akisema yuko "first floor", panda ngazi. Kwa Mwingereza ni ghorofa iliyo juu ya ile ya chini. Kwa Mmarekani ndiyo ya chini yenyewe.

— Tarehe ndiyo hatari zaidi! 03/04 kwa Mwingereza ni Aprili 3, kwa Mmarekani Machi 4. Mwezi uandikwe kwa herufi kabla hujakodi boti.