Nimepata chuo Uholanzi ila sijapata chumba: niende au niahirishe?

Kijana wa Kihonda
Ndugu wanajamvi, habari zenu. Nimepokelewa kusoma shahada ya uzamili ya miaka miwili Wageningen kuanzia Septemba, na nusu ya ada inalipwa na mfadhili. Mama aliuza kiwanja ili nitimize fedha za kujikimu zinazotakiwa kwa kibali cha ukaazi, nazo ziko tayari katika akaunti ya chuo. Zimebaki wiki sita na sina pa kulala. Kuna mtu mtandaoni mwenye chumba cha bei nzuri, lakini anataka nimtumie kodi ya miezi miwili kabla ya kukiona, na ameniambia nisijiandikishe kwa anwani yake. Nimtumie, nikatafute hukohuko, au niahirishe mwaka?

Dada wa Enschede
Mdogo wangu, usimtumie hata senti. Hata kama si tapeli, mwenye nyumba anayekukataza kujiandikisha anakuweka pabaya, kwa sababu bila anwani manispaa haikuandikishi, na usipoandikishwa hupati namba ya utambulisho ya mkaazi, yaani BSN, ambayo benki, mwajiri na kampuni ya bima wote wataiulizia. Jiandikishe leo Idealis, shirika la nyumba za wanafunzi hapo Wageningen, kisha utafute pia maeneo ya jirani ya Ede, Bennekom na Rhenen, kwani usafiri wa basi upo.

Mzee wa Mifereji
Kuhusu kutafuta ukishafika, kaka, nakusihi ufikiri mara mbili. Uhaba wa nyumba ni mkubwa kiasi kwamba baadhi ya vyuo vimewahi kuwaambia waziwazi wanafunzi wa nje wasisafiri kama hawajapata malazi. Mimi nilipofika Delft nililala sebuleni kwa watu watatu tofauti kwa muda wa wiki saba, nikisoma usiku jikoni ili nisiwasumbue wenyeji, na mtihani wa kwanza nikaufeli. Jambo hilo si dogo, maana mwanafunzi asiyefikisha nusu ya krediti za mwaka bila sababu ya msingi, chuo hulazimika kuiarifu idara ya uhamiaji, IND, na kibali chake huweza kufutwa. Wala usitegemee kibarua kikulipie kodi: sisi tunaotoka nje ya Umoja wa Ulaya tunaruhusiwa saa 16 kwa wiki, au kutwa nzima Juni hadi Agosti tu, na mwajiri ndiye anayepaswa kukuombea kibali cha kazi.

Dada wa Enschede
Naongeza moja. Kabla ya kuamua kuahirisha, muulize mfadhili kwa maandishi kama atakushikia nafasi, na ukiulize chuo kama fedha za mama zitarudishwa zote.

Kijana wa Kihonda
Asanteni sana, dada na kaka. Yule mtu nimemkatalia, Idealis nimeshajiandikisha, na barua pepe mbili nimezituma usiku huu. Nimemwahidi mama kwamba kama hadi tarehe 10 Agosti sitakuwa na mkataba wenye anwani ya kujiandikishia, tiketi sikati.