Dodoso la mtazamo wa jamii kuhusu waliofungwa kwa makosa ya kingono: niulizeje ili majibu yawe na maana?

Kalamu Wazi

Wakuu, salaam. Ninaandaa dodoso la kupima wakazi wanawachukuliaje watu waliohukumiwa kwa makosa ya kingono, wakamaliza kifungo na kurudi uraiani. Rasimu ina sentensi 30 za "nakubali / sikubali", mfano "Wabakaji wasiruhusiwe kuishi karibu na shule" na "Wabakaji hawabadiliki". Jaribio kwa watu 12 limetoa kitu kimoja: karibu wote wameweka tiki safu ile ile ya ukali wa mwisho, kuanzia sentensi ya kwanza hadi ya 30. Sina cha kuchambua.

Matokeo yataenda kwa wanaopanga utaratibu wa kuwapokea wanaotoka gerezani. Nikiwapelekea karatasi inayosema "watu wana hasira", nimewapotezea muda, hilo wanalijua. Naomba msaada kwa mambo matatu: nitumie vipimo vilivyopo au nitunge vyangu? Sampuli iwe watu wangapi? Na takwimu za kurudia makosa, niwape wahojiwa mwanzoni au nisubiri?

Mzani

Mtoa mada, umekwama kwenye neno "mbakaji". Anayelisoma anamwona mtu mmoja tu kichwani: mgeni, usiku, kichochoroni. Halafu unamtaka aamue kuhusu kundi ambalo ndani yake yumo mjomba aliyemnyanyasa mtoto wa nyumbani, yumo mwalimu, yumo kijana wa miaka 19 aliyekuwa na mpenzi wa miaka 15, yumo aliyekutwa na picha za watoto kwenye simu. Amekujibu kuhusu yule wa kichochoroni, na wewe unaandika kuwa amejibu kuhusu wote. Takwimu za polisi za Marekani zilizochapishwa mwaka 2000 zilionyesha kuwa takriban 93% ya watoto waliodhulumiwa kingono walimfahamu aliyewadhulumu: karibu theluthi moja ni ndugu wa familia, waliobaki ni watu wanaofahamika. Kwa hiyo yule anayepimwa na dodoso lako ndiye adimu kuliko wote.

Athari ya neno imepimwa. Harris na Socia walichapisha mwaka 2016 utafiti ambao wahojiwa waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walisoma lebo ya "mhalifu wa ngono", wengine maelezo ya kawaida ya mtu aliyetenda kosa la aina hiyo. Sera zilikuwa zile zile. Waliosoma lebo waliunga mkono kwa nguvu zaidi kuwaanika watu hawa kwenye intaneti na kuwawekea marufuku ya makazi.

Kwa Kiswahili kazi inaongezeka. "Makosa ya kijinsia" wengi wanalielewa kama ukatili wowote wa ndani ya nyumba, hadi kipigo. "Makosa ya kujamiiana" linasikika kisheria, ila msomaji wa kawaida anaondoa humo picha na kushikwashikwa. "Mhalifu wa ngono" linarudisha lebo. Andika "mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa la kingono", kisha taja kosa lenyewe.

Sentensi 30 zipunguze. Badala yake tunga kisa kifupi kama hiki:

*"Mwanamume wa miaka 41 alihukumiwa kwa kumnyanyasa kingono mtoto wa ndugu yake. Alitumikia kifungo chote. Ametoka miezi 6 iliyopita. Anaripoti kwa afisa probesheni kila wiki na haruhusiwi kubaki peke yake na mtoto."*

Badilisha vitu vitatu tu: aliyedhulumiwa (mtoto wa ndugu, au mtu mzima asiyemfahamu), muda tangu atoke (miezi 6, au miaka 10 bila kosa jingine), na uangalizi (upo, au haupo). 2 × 2 × 2 ni visa 8. Kila mhojiwa anasoma kisa kimoja pekee, kilichochaguliwa kwa bahati nasibu. Akisoma viwili anaanza kulinganisha na kukisia unachotafuta.

Baada ya kisa weka ngazi ya ukaribu, kila daraja kwa ndiyo au hapana: aishi mji huu, aishi mtaa huu, aishi nyumba ya jirani, afanye kazi na wewe, asali mahali unaposali. Daraja ambalo mtu anasema "hapana, hapa basi" ndilo jibu unalolitafuta. Ngazi inatoa tofauti hata kwa watu wakali, kwa sababu mkali naye ana mahali anapoishia.

Sampuli: watu 400, yaani 50 kwa kila kisa. Ukitaka kujua athari ya uangalizi peke yake unalinganisha 200 na 200, na hapo, kwa uwezekano wa 80%, utaona tofauti inayofikia 0.28 ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika). Lakini usijaribu kuuliza kama uangalizi unasaidia zaidi pale aliyedhulumiwa ni mtu mzima. Swali la namna hiyo linahitaji sampuli karibu mara nne kwa tofauti ya ukubwa ule ule. Wengi wanateleza hapo, wanaandika "hakuna uhusiano" kumbe hawakuwa na watu wa kutosha kuuona.

Vipimo vilivyopo: CATSO, kipimo cha mtazamo wa jamii kuhusu waliotenda makosa ya kingono cha mwaka 2008, ina sentensi 18 na majibu 6 yasiyo na katikati. Inatumika sana, ila mafungu yake manne ya sentensi hayakujirudia vizuri kila ilipopimwa upya kwingine. ATS-21, kipimo kingine cha mtazamo huo huo, ina sentensi 21 katika mafungu matatu: kuaminika, dhamira na umbali wa kijamii. Binafsi ningechukua ya pili. Vyovyote iwavyo, itafsiriwe na mtu mmoja, mwingine ambaye hajaona asili airudishe kwenye lugha ya kwanza, kisha mkae pamoja kwenye sentensi zilizopinda.

Zamu ya Mchana

Namuunga mkono Mzani kwenye visa. Naongeza la takwimu na la sera.

Takwimu usiwape mwanzoni. Ukishamwambia mhojiwa namba, unapima jinsi alivyoipokea, mtazamo wake umeshaupoteza. Mtazamo kwanza, makadirio baadaye. Kwenye makadirio usiulize "je, wanarudia?", uliza hivi: "Kati ya watu 100 waliotoka gerezani kwa ubakaji au shambulio la kingono, unadhani wangapi watakamatwa tena kwa kosa kama hilo ndani ya miaka 9?" Hapo una kitu cha kulinganisha nacho: Marekani iliwafuatilia waliotoka mwaka 2005 katika majimbo 30, na ndani ya miaka 9 waliokamatwa tena kwa ubakaji au shambulio la kingono walikuwa 7.7%. Utafiti wa Levenson na wenzake huko Florida, mwaka 2007, ulikuta wakazi wakikadiria karibu robo tatu wanarudia. Maswali ya tafiti hizo mbili hayafanani neno kwa neno, hata hivyo pengo ni kubwa mno.

Na pengo hilo halitoki kwa wananchi peke yao. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya McKune dhidi ya Lile, iliandika kuwa wasiopata tiba hukadiriwa kurudia hadi 80%. Namba hiyo ilitoka kwenye mwongozo wa serikali wa mwaka 1988, na mwongozo uliitoa kwenye makala ya jarida ya mwaka 1986 ambayo haikuwa na data yoyote. Mahakama za chini zimeinukuu miaka na miaka. Ukikutana na mhojiwa anayesema "wote wanarudia", kumbuka namba hiyo iliwahi kukaa kwenye hukumu.

Muda nao upo kwenye kisa chako, tena kwa sababu nzuri. Uchambuzi wa Hanson na wenzake wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa hata kwa kundi la hatari kubwa uwezekano wa kurudia kosa la kingono hushuka kutoka takriban 22% siku ya kutoka hadi takriban 4% kwa waliokaa miaka 10 bila kosa. Kama wahojiwa wako watamjibu wa miezi 6 sawasawa na wa miaka 10, hayo ni matokeo mazito kwa wapangaji.

Sasa sera. Sentensi "wasiishi karibu na shule" kila mtu ataikubali kwa sababu haina gharama ndani yake. Nani atakataa? Weka gharama ionekane:

*"Ukiwa na nafasi ya kuchagua moja: (A) marufuku ya kuishi karibu na shule, hata kama wengine watakosa makazi na afisa atashindwa kujua wanalala wapi, (B) waishi kwenye anwani inayojulikana, popote ilipo, na afisa awatembelee bila taarifa."*

Gharama hiyo ilishaonekana Miami. Kaunti ya Miami-Dade iliweka marufuku ya futi 2,500 (karibu mita 760) kutoka shuleni, na watu wakaishia kupiga kambi chini ya daraja la Julia Tuttle hadi mwaka 2010. Jimbo la Minnesota nalo lilichambua watu 224 waliorudi gerezani kwa kosa jipya la kingono, kati ya 3,166 waliotoka kati ya 1990 na 2002. Hakuna hata kosa moja ambalo marufuku ya makazi ingelizuia. Wengi walimfikia mtoto kupitia mtu mzima waliyemzoea, mara nyingi mama yake, na umbali wa nyumba na shule haukuhusika.

Nuru ya Pembeni

Mimi natazama upande wa manusura, na nina mapingamizi.

Kwanza, 7.7% ni ya *kukamatwa tena*. Makosa haya ni miongoni mwa yanayoripotiwa kidogo kuliko yote, hasa yakitendeka ndani ya familia. Ukiandika "kiwango cha kurudia kosa" umesema zaidi ya unachokijua, na manusura atakayesoma ripoti yako ataitupa ukurasa huo huo. Andika "waliokamatwa tena" kila mahali, kuanzia dodoso hadi jedwali la mwisho. Anayekadiria namba kubwa anaweza kuwa anahesabu aliyoyaona yakizikwa kimya kimya, ambayo polisi hawakuyafikia. Usimpe alama ya ujinga.

Pili, ndani ya watu 400 utakuwa na manusura, na utakuwa na ndugu wa waliofungwa. Wote wanastahili ulinzi:

Mahojiano yafanyike mahali ambapo hakuna mtu wa nyumbani anayesikia. Mtu akiingia, mdadisi (yule anayeuliza maswali) awe na ukurasa wa akiba wenye maswali ya kawaida, ya maji au usafi, ahamie huko bila kubadili sauti. Hili lifanyiwe mazoezi, kwa sababu mdadisi asiyezoea hunyamaza ghafla, na ukimya huo unamchongea mhojiwa.

Kadi ya huduma za msaada wapewe wote, na sio yule aliyelia peke yake. Isiandikwe kwa herufi kubwa "ukatili wa kingono". Mhojiwa anaweza kuwa anaishi na aliyemdhulumu, na kadi hiyo ikikutwa mkobani itamletea balaa. Orodhesha huduma za afya kwa ujumla, ya msaada iwe mstari mmoja katikati.

Kisa kisifanane na kesi yoyote iliyowahi kusikika mnakofanyia utafiti. Umri, kosa na uhusiano vikigongana na kesi halisi, umemnyooshea mtu kidole.

Na *kamwe* usiulize "Je, unamfahamu mtu wa aina hii mtaani kwako?" Jina likishatajwa mbele ya mdadisi halirudi mdomoni. Uingereza mwaka 2000, baada ya gazeti moja kuanza kuchapisha majina na picha za waliohukumiwa kwa makosa ya kingono dhidi ya watoto, umati ulizingira nyumba za watu Paulsgrove, Portsmouth, na familia zisizohusika zikakimbia. Huko Maine, Marekani, mwaka 2006, mtu alichukua anwani kwenye rejesta ya wazi ya intaneti ya waliohukumiwa kwa makosa ya kingono akaua wanaume wawili. Mmoja wao alikuwa na miaka 24, na kosa lake lilikuwa mpenzi ambaye hakuwa ametimiza miaka 16.

Kalamu Wazi

Asanteni sana, mmenitoa gizani. Nimepanga upya: kisa, ngazi ya ukaribu, ATS-21, chaguo la A na B, kisha makadirio kati ya watu 100, mwisho maswali ya umri na elimu. Swali la "unamfahamu" lilikuwemo, nimelifuta. Nataka kuongeza moja kuhusu vile vikundi vya wananchi wa kujitolea vilivyoanzia Hamilton, Kanada, mwaka 1994, ambapo watu wachache wanakutana kila wiki na aliyetoka gerezani na kumwajibisha. Sentensi yangu: "Mtu huyu hapaswi kutopewa kikundi cha kumsaidia." Ipo sawa?

Mzani

Hapana mkuu, hiyo ni kanusho juu ya kanusho. Nusu ya wahojiwa watatia tiki kinyume na wanachoamini, na hutajua ni nusu ipi. Na neno "kumsaidia" limebeba nusu tu ya kazi ya vikundi hivyo. Sema: "Wananchi 4 hadi 6 waliopewa mafunzo wakutane naye kila wiki, wamsaidie kupata makazi na kazi, na watoe taarifa kwa afisa wakiona dalili za hatari." Msaada na macho vikae sentensi moja, kwa sababu ndivyo vinavyofanya kazi. Jaribio la Minnesota la watu 100, 50 kwa 50, lililochapishwa mwaka 2018, lilikuta hatari ya kukamatwa kwa kosa jipya la kingono imeshuka kwa 88%. Sampuli ni ndogo, usiipigie tarumbeta.

Kabla ya kuchapa, kaa na watu 8 hadi 10, kila mmoja peke yake, na baada ya kila swali mwambie akueleze kwa maneno yake ameulizwa nini. Anza na lile la "kati ya watu 100", ndilo wanaloligeuza kuwa "watu wangapi kati ya wanaume wote".

Nuru ya Pembeni

Na kati ya hao 8 hadi 10 wawemo wanawake wasiopungua nusu, wahojiwe na mdadisi mwanamke.